Mnyororo unaolegea kwenye baiskeli ya mlimani ya gia moja: kikaza, tupa au fremu mpya?

Swali: Nina fremu ya chuma ya baiskeli ya mlimani, ya magurudumu ya inchi 26, yenye breki za diski na mianya ya ekseli inayotazama chini. Niliondoa gia zote nikabakiza meno 32 mbele na 18 nyuma. Gia ya nyuma niliitoa kwenye kaseti ya zamani, yaani kile kifungu cha gia za nyuma. Nilipima kutoka katikati ya kranki (mhimili wa mikono ya pedali) hadi katikati ya ekseli ya nyuma nikapata milimita 424, na mnyororo wa pingili 92 ulikaa vizuri bila kifaa chochote cha kuukaza. Baada ya majuma machache umeanza kuchomoka kwenye miteremko yenye mawe, na nikisimama kupanda kilima unaruka meno. Fundi mmoja ananishauri ninunue mnyororo mnene zaidi. Mwingine anasema niisugue mianya ya fremu kwa tupa ili ekseli irudi nyuma. Wa tatu anasema niachane na jambo hili kabisa kwa kuwa gia moja huharibu magoti. Mimi nafikiria kuagiza fremu itakayotengenezwa kwa vipimo vyangu. Nifuate lipi, na nichague uwiano gani wa meno?

Jibu: Hofu yako, kama ninavyoielewa, ni kwamba huenda umejenga baiskeli juu ya msingi usiofaa, na kwamba kila fedha utakayoongeza sasa itapotea. Fremu yako haina ubovu wowote uliouelezea. Ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo wa gia nyingi, na mfumo huo ulimruhusu mtengenezaji asijishughulishe na jambo moja ambalo kwa baiskeli ya gia moja ni kubwa kuliko mengine yote: ama umbali kati ya kranki na ekseli ya nyuma uweze kurekebishwa, ama pawepo kitu kingine cha kumeza ulegevu wa mnyororo. Kwenye gia nyingi kazi hiyo hufanywa na mkono wenye springi wa kibadilisha gia. Ulipouondoa mkono huo, hukuweka chochote mahali pake.

Kabla ya dawa, tutenganishe magonjwa mawili uliyoyataja pamoja. Kuchomoka ni mnyororo kuhama kwenda ubavuni na kuanguka nje ya gia, na chanzo chake huwa ni ulegevu au mnyororo usiokaa katika mstari ulionyooka. Kuruka meno ni mnyororo kupanda juu ya meno ya gia ya nyuma na kuteleza mbele wakati unakanyaga kwa nguvu, na hapo umbo na uchakavu wa meno huingia katika hesabu. Wewe una yote mawili kwa wakati mmoja. Yana mzizi mmoja wa pamoja, lakini lile la pili lina sababu yake ya ziada.

Tuanze na mzizi. Pingili moja ya mnyororo wa baiskeli, yaani kutoka pini hadi pini, ina milimita 12.7. Kwa umbali wako wa milimita 424 na meno 32 kwa 18, mnyororo unaozunguka gia zote mbili bila ulegevu hata kidogo unahitaji urefu wa takriban milimita 1,167.4. Pingili 92 zina milimita 1,168.4. Tofauti ni milimita moja, na ndiyo maana mnyororo mpya ulikaa kana kwamba fremu iliagizwa kwa ajili yake. Wapenzi wa gia moja huutafuta mpatano wa namna hii kwa hamu kubwa, wakijaribu jozi moja ya meno baada ya nyingine. Mimi huuona kama mkopo wa muda mfupi.

Sababu ni kwamba mnyororo hurefuka, ingawa si kwa namna ambayo wengi hudhani. Vyuma vyake havivutiki. Kinachotokea ni kwamba pini na matundu yanayozizunguka hulika kwa vumbi na tope, na kila kiungo huongeza sehemu ndogo sana ya milimita ambayo, ikizidishwa kwa viungo 92, huwa urefu unaoonekana. Mnyororo wako ukilika kwa asilimia 0.2 tu, kiasi ambacho vipimo vingi vya uchakavu bado huuita mzima, umeongezeka kwa milimita 2.3. Ukifika asilimia 0.5, umeongezeka karibu milimita 6. Na kwa kuwa upande wa juu huvutwa na kunyooka kila unapokanyaga, ulegevu wote hukusanyika upande wa chini.

Hapa ndipo hesabu inapowashangaza watu. Ukiusukuma mnyororo kwa kidole katikati ya upande wa chini, ziada ya milimita moja uliyoanza nayo inauruhusu kusogea karibu sentimita moja na nusu, jambo ambalo ni la kawaida na halina madhara. Baada ya kulika kwa asilimia 0.2 unasogea zaidi ya sentimita 2.5, na kwa asilimia 0.5 unakaribia sentimita 4. Nyongeza ndogo ya urefu huzaa mwendo mkubwa wa kwenda juu na chini, na milimita za mwanzo ndizo zenye athari kubwa kuliko zile zinazozifuata. Kwa hiyo mnyororo wako ulianza kuchomoka ungali na maisha marefu mbele yake kwa kipimo cha baiskeli nyingine yoyote. Kwenye mawe, upande huo wa chini hupigapiga kama kamba ya kurukia, na mara unapoyumba kuelekea ubavuni wakati unaingia kwenye gia, jino huukosa.

Kuhusu kuruka meno, fikiria nguvu inayopita hapo. Mpandaji wa kilo 75 akisimama kwa uzito wake wote juu ya kranki ya milimita 175, gia ya mbele ya meno 32 huuvuta mnyororo kwa nguvu ya takriban niutoni 2,000, ambayo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 200 juu yake. Akiuvuta usukani kwa mikono, nguvu hiyo huzidi. Gia uliyoichomoa kwenye kaseti haikukusudiwa kazi ya namna hiyo peke yake. Meno yake yamefupishwa na kuchongwa pembeni makusudi ili mnyororo uweze kuliacha jino moja na kuhamia gia ya jirani kwa urahisi, na gia ya kaseti ya zamani huenda tayari imelika ikafuata umbo la mnyororo mwingine. Mnyororo uliolegea unaoingia humo kutoka chini hauna kitu cha kuubana kwenye mashimo ya meno, kwa hiyo unapanda juu. Gia iliyotengenezwa mahususi kwa mwendo wa gia moja ina meno marefu, yaliyonyooka, yasiyo na njia za kutorokea.

Sasa niwajibu mafundi wako mmoja mmoja.

Mnyororo mnene hautakusaidia. Minyororo inayouzwa kama minene na ile ya kawaida hutofautiana hasa kwa upana wa ndani, inchi 1/8 dhidi ya inchi 3/32, na urefu wa pingili ni uleule. Hata mnyororo wa kawaida wenye ubora huhimili zaidi ya niutoni 8,000 kabla ya kukatika, mara nne ya zile ulizozipata kwa kusimama, kwa hiyo nguvu haikuwa tatizo tangu mwanzo. Gia za baiskeli za mlimani huwa na meno ya unene wa mnyororo mwembamba, na ukiweka mnyororo mpana juu yake unaongeza uwezekano wa kuyumba ubavuni. Mnyororo ulioundwa kwa baiskeli za gia 8 ni chaguo zuri, lisilo na mbwembwe.

Ushauri wa tupa nauogopa zaidi, kwa sababu unafanya kazi. Ukisugua nusu milimita, ekseli itarudi nyuma nusu milimita na mnyororo utakaza. Lakini mianya inayotazama chini ina faida moja kubwa, kwamba ekseli hukaa mahali pamoja kila unapofunga gurudumu, ikiwa imeegemea chuma. Ukiipanua, umeibadilisha kuwa mianya mifupi ya mlalo isiyo na kizuizi, na upande wa mnyororo unaweza kuvutwa mbele na zile niutoni 2,000 hadi gurudumu likae kombo. Breki ya diski nayo imefungwa kwenye fremu kwa kipimo cha ekseli ilipokuwa. Baada ya majuma mengine machache mnyororo utakuwa umelika tena, na hutaweza kurudisha chuma ulichokiondoa. Kama umekwisha kusugua, usiendelee, na umwonyeshe mtu anayejenga fremu kabla ya kupanda tena.

Kwa habari ya magoti, fundi wa tatu ameishika nusu ya ukweli. Goti huumizwa na kukanyaga kwa nguvu kubwa na mizunguko michache ukiwa umekaa, hasa kama tandiko liko chini mno. Mwenye gia nyingi anaweza kufanya kosa hilohilo kwa kung'ang'ania gia nzito. Mwenye gia moja hujilinda kwa kuchagua uwiano mwepesi, kusimama mapema kabla kasi haijafa, na kushuka akatembea pale kilima kinapomshinda, jambo ambalo katika mchezo huu halina aibu yoyote. Mtu mwenye jeraha la zamani la goti, hata hivyo, nitamshauri abaki na gia nyingi, na sitamshawishi vinginevyo.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako. Ya kwanza, na ambayo ningeianza mwenyewe, ni kufunga kikaza mnyororo pale kibadilisha gia kilipokuwa kimeshikizwa. Wako wanaokidharau kwa madai kwamba kinaharibu sura safi ya baiskeli, na kwa sura nawapa haki yao. Kimakanika hakina dhambi: kwa kuwa gurudumu lako linaweza kuzunguka bila pedali, upande wa chini wa mnyororo haubebi nguvu ya kukanyaga kamwe, na kiroda cha kikaza hakibebi chochote zaidi ya ulegevu. Chagua kile kinachousukuma mnyororo kwenda juu badala ya kuuvuta chini, kwa sababu hivyo mnyororo huizunguka gia ya nyuma kwa meno mengi zaidi, na hilo linatibu kuruka meno moja kwa moja. Kabla ya kununua, unaweza hata kukirudisha kibadilisha gia chako cha zamani, ukakifungia katika mstari wa gia moja kwa skrubu zake za mipaka, na kukitumia hivyo kwa majaribio. Kitu kimoja tu ukihakikishe: kile kipande cha fremu kinachobeba kikaza kiwe kimenyooka, kwa maana kikipinda hata kidogo kiroda nacho kinapinda, na mnyororo unasukumwa ubavuni siku nzima.

Ya pili ni beringi za kranki ambazo ekseli yake haiko katikati, ambazo ukizizungusha husogeza kranki mbele au nyuma. Ni ufumbuzi mzuri sana kwenye fremu zenye bomba pana la kranki, kwa sababu gurudumu na breki havisogezwi. Kwenye bomba la kawaida lenye nyuzi za skrubu, kama fremu nyingi za chuma za rika la yako, nafasi ya ndani haitoshi, na vifaa vichache vinavyohamishia utaratibu huo nje ya bomba vinahitaji kranki ya aina maalumu. Ipo pia habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) yenye ekseli isiyo katikati, lakini kwa breki za diski sikushauri, kwa kuwa ukilizungusha gurudumu ili kukaza mnyororo, diski inahama kutoka mahali pake kwenye kalipa, yaani kifaa cha breki kinachoibana.

Pingili nusu huenda umeshatajiwa; licha ya jina lake, ni pingili moja yenye ncha moja ya ndani na nyingine ya nje. Kwa kawaida pingili za nje na za ndani hupishana, kwa hiyo mnyororo hukubali idadi shufwa tu, na pingili nusu hukuruhusu idadi witiri. Inaongeza au kupunguza milimita 12.7 za mnyororo, sawa na kusogeza ekseli milimita 6.35. Kwa pengo lako, ambalo ni la milimita chache, ni kipimo kikubwa mno. Tena, kama gia yako ya mbele ni ya aina yenye jino jembamba na nene kwa kupishana, pingili nusu haiwezi kutumika kabisa, maana inavunja mpangilio ambao meno hayo yanautegemea.

Wakati umeifungua sehemu ya nyuma, shughulikia na mstari wa mnyororo. Pima kutoka katikati ya bomba la tandiko hadi katikati ya meno ya gia ya mbele. Kranki nyingi za mlimani za enzi ya inchi 26 huweka gia ya katikati karibu milimita 50. Nyuma, kama upana wa habu ni milimita 135, nusu yake ni 67.5, hivyo gia inapaswa kuwa milimita 17.5 ndani ya uso wa nje wa nati ya habu. Washa, yaani pete za kujaza nafasi, za plastiki au alumini unazozipanga kando ya gia ndizo zinazokuruhusu kufika hapo. Tofauti ya milimita moja au mbili haitakusumbua, ila tano zitasikika. Nunua gia yenye kitako kipana, hasa kama mwili wa friwili, ile sehemu ya habu inayobeba gia, ni wa alumini, kwa sababu gia nyembamba yenye kubeba mzigo wote peke yake huchimba mifereji ya alumini na baadaye hukataa kutoka. Badilisha mnyororo na gia ya nyuma kwa pamoja. Kwa kufuatilia uchakavu huhitaji kifaa, rula ya chuma inatosha: pingili 24 za mnyororo mpya zina milimita 304.8, na zikifika 306.3 umefika asilimia 0.5.

Sasa uwiano. Watu hurithishana kanuni ya mbili kwa moja, kwa mfano 32 kwa 16, kana kwamba ni sheria. Ilitokana na mazoea ya magurudumu ya inchi 26, na haimfungi mtu. Kipimo chenye maana zaidi ni umbali ambao baiskeli husogea kwa mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu lako lina mzingo wa takriban mita 2.07, hivyo 32 kwa 18 hukupeleka mita 3.68, kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 13 kwa saa, na kwa mizunguko 100 unafika 22. Ukishusha hadi mizunguko 40 kwenye kilima bado uko karibu na kilomita 9, mwendo ambao ni mgumu kuudumisha ukiwa umekaa lakini unawezekana ukisimama. Kwenye tambarare utazungusha miguu na kupitwa na kila mtu, na lazima ukubaliane na hilo tangu sasa. Njia ya uhakika ya kujua ni kupanda baiskeli yenye gia nyingi katika njia zako za kawaida, ukachagua uwiano mmoja na kukataa kuubadilisha hadi urudi. Kilima kigumu unachokipita kila wiki ndicho kitakachokuamulia. Kile cha mara moja kwa mwaka kitembee kwa miguu.

Ukiona unahitaji uwiano mwepesi zaidi, kumbuka kwamba kila jino unaloongeza, mbele au nyuma, linaivuta ekseli mbele kwa takriban milimita 3.2. Kwa hiyo 31 kwa 19 au 30 kwa 20, ambazo jumla yake ni 50 kama ilivyo sasa, zitahitaji mnyororo wa urefu uleule kwa tofauti isiyofika milimita moja. Kuongeza urefu wa kranki kutoka milimita 170 hadi 175 nako kunasaidia, ila msaada wake ni kama asilimia 3, wakati jino moja la nyuma ni zaidi ya asilimia 5. Na kama nafasi chini ya fremu inaruhusu, gia kubwa kwa zote mbili ni afadhali kuliko ndogo kwa zote mbili: 36 kwa 20 ina uwiano unaokaribiana sana na 32 kwa 18, lakini mvuto kwenye mnyororo hupungua kwa asilimia 11 na uchakavu hupungua pamoja nao. Gharama yake ni kugonga mawe na magogo mara nyingi zaidi.

Nimeiacha fremu mpya hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu fremu ya kuagiza ni jibu zuri kwa mtu anayeyajua majibu ya maswali niliyoyapitia hapo juu. Kama uwiano wako haujatulia, na hujui kama mwili wako unaupenda mwendo huu, utamwagiza mjenzi akutengenezee ubashiri. Panda fremu uliyo nayo kwa msimu mzima ikiwa na kikaza. Ukiwa bado unaitaka gia moja baada ya hapo, agiza bila majuto, kwa sababu fremu iliyojengwa kwa kazi hiyo ina raha ambayo kikaza hakiwezi kukupa: ukimya, gurudumu la nyuma lenye spoku zilizovutwa karibu sawasawa pande zote mbili kwa kuwa habu haitakiwi kuachia nafasi ya kaseti, na mnyororo ambao hutaukumbuka kwa wiki nzima.

Jambo la kwanza la kumweleza mjenzi ni masafa ya marekebisho. Pingili mbili kamili, yaani ya nje na ya ndani, zinahamisha ekseli kwa milimita 12.7, na uchakavu wa asilimia 0.5 unakula karibu milimita 3 nyingine. Ukitaka uhuru wa kuchagua jozi yoyote ya meno bila pingili nusu, omba masafa ya milimita 16 hivi. Ukikubali pingili nusu, 10 zinatosha. Baiskeli nzito za matairi manene ambazo vijana wa Marin County, California, walizishusha milimani katika miaka ya 1970 zilikuwa na mianya inayotazama nyuma, na kwa breki za wakati ule ilifaa sana. Kwa breki za diski mianya hiyo ni usumbufu, kwa sababu kila unaposogeza gurudumu lazima urekebishe kalipa. Ningechagua vipande vya fremu vinavyoteleza, ambavyo hubeba ekseli na kalipa kwa pamoja na kufungwa kwa bolti. Vinapokea hata ekseli ya kupenyeza (inayopita kwenye matundu ya fremu badala ya mianya), na vingi vina toleo lenye sehemu ya kufungia kibadilisha gia endapo siku moja utabadili mawazo. Bolti zake hupiga kelele zikiwa na vumbi au zisipokazwa kwa kipimo, na hilo ndilo lalamiko langu pekee juu yake.

La pili ni kwamba wewe utakuwa umesimama muda mwingi. Mpandaji aliyesimama husogeza magoti mbele kuelekea usukani, hivyo sehemu ya mbele ya fremu isiwe fupi, na usukani uwe mpana wa kukupa nguvu ya kuvuta. Uzito wake pia huhamia mbele, na tairi la nyuma huanza kuteleza kwenye kokoto. Ndiyo maana wengi hupenda sehemu ya nyuma ya fremu iwe fupi, ingawa ufupi ukizidi gurudumu la mbele huinuka kwenye vilima vikali, na nafasi ya tairi na gia ya mbele inabanana. Mwambie mjenzi upana wa tairi, ukubwa wa gia ya mbele utakayowahi kuitumia, na urefu wa foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) kutoka ekseli hadi taji, yaani sehemu yake ya juu miguu yake inapoungana. Huu wa mwisho usiukisie: ukija kubadilisha foku ya springi kwa foku ngumu iliyo fupi kwa milimita 20, pembe ya mbele inasimama zaidi kwa karibu digrii moja, na baiskeli itageuka kwa wepesi usioutarajia. Na kama fremu hiyo itakuwa ya magurudumu ya inchi 29, usiuhamishe uwiano wako bila hesabu. Kwa mzingo wa takriban mita 2.3, 32 kwa 18 inakuwa mita 4.09; ili ubaki na zile mita 3.68 ulizozizoea, utahitaji 32 kwa 20.

Kuna kazi ambazo sitaki uzifanye mwenyewe kwa maelezo ya maandishi. Kunyoosha kipande kinachobeba kikaza kunahitaji kipimo maalumu kinacholinganisha na gurudumu, na fundi mwenye nacho hukimaliza kwa dakika chache. Kukata mianya ya zamani na kulehemu mingine kunawezekana kwenye fremu ya chuma, kwa mikono ya mjenzi wa fremu, na gharama yake mara nyingi humfanya mtu ajiulize kama asingeagiza mpya. Kwenye alumini usimruhusu mtu yeyote kulehemu kama hana uwezo wa kuipasha fremu nzima moto upya kwa utaratibu, kwa sababu joto la kulehemu huondoa ugumu ambao kiwanda kiliupa. Ukiona mstari mwembamba kwenye rangi karibu na maungio, au kutu inayotokea mahali pamoja kila unapoifuta, acha kuipanda baiskeli hiyo mpaka iangaliwe. Na goti likivimba, au likiuma siku mbili baada ya kupumzika, au likiuma unaposhuka ngazi, mwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ukiwa na kipimo cha urefu wa tandiko lako, kwa maana ni miongoni mwa mambo ya kwanza atakayokuuliza kama anawafahamu waendesha baiskeli.